Haki ya mzee isiyoweza kudaiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala ulioendelea kwa majuma kadhaa sasa, kuhusu iwapo Serikali inawajibika kwa hali ya maisha ya mwananchi mmoja mmoja, au kazi yake inaishia kwenye kujenga barabara, kulinda mipaka na kukusanya kodi. Wapo walioandika kwamba kila mtu abebe mzigo wake, na mmoja wao akatukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Wapo pia waliotaka Serikali itoe kila kitu, kuanzia mtaji wa biashara hadi ajira ya kila kijana anayemaliza chuo. Mimi naona uzee, maradhi makubwa na ulemavu ni mambo ambayo Serikali inapaswa kuyabeba kama haki ya mwananchi, yenye kiwango kinachojulikana, siku inayojulikana na mahali pa kwenda kulalamika isipotolewa. Kwetu Tanzania Bara haki hiyo imekwisha kuandikwa, ila hakuna anayeweza kuidai.

Tuanze na Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara ya 8 inasema waziwazi kwamba lengo kuu la Serikali litakuwa ni ustawi wa wananchi. Ibara ya 11 inaendelea mbele zaidi na kuitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, haki ya kupata elimu, na haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu na katika hali nyingine za mtu kutojiweza. Msomaji anayeishia hapo atadhani mjadala wetu hauna maana, kwa sababu jibu lilitolewa zamani. Lakini arudi nyuma kidogo asome ibara ya 7, kifungu cha pili, ndipo atakapokuta kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa maneno mengine, mzee wa kijijini aliyenyimwa msaada katika uzee wake hawezi kuipeleka Serikali mbele ya hakimu na kuishinda kwa ibara ya 11, hata awe na wakili hodari namna gani.

Kwa jirani zetu wa Kenya mambo yaliandikwa vingine. Ibara ya 43 ya Katiba yao ya mwaka 2010 imeweka afya, makazi, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu miongoni mwa haki ambazo mwananchi anaweza kuzipigania mahakamani. Sisemi kwamba Mkenya maskini analala vizuri kuliko Mtanzania maskini kwa sababu ya ibara hiyo. Anayefuatilia habari za huko anayajua malalamiko yaliyozuka baada ya SHA, chombo kipya cha bima ya afya ya umma, kuchukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, mwezi Oktoba 2024. Tofauti ni kwamba mlalamikaji wa kule ana pa kusimama anapolalamika, na Serikali yake inalazimika kujibu kwa hoja na tarakimu, wakati sisi tunajibiwa kwa kuombwa tuwe na subira.

Nafahamu kwamba wanaopinga jambo hili huogopa kurudi kwenye zama za kuisubiri Serikali ifanye kila kitu. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini inasahau jinsi wajibu ulivyogawanywa hata katika miaka ile ya Azimio la Arusha. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wazima walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi juu ya malaria, kichocho, kuhara na minyoo, wakajadiliana, kisha wakarudi majumbani mwao kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Serikali haikumchimbia mtu choo. Iliandaa vipindi, ikachapisha vijitabu, ikafundisha viongozi wa vikundi, na ikajenga zahanati kwa ajili ya yule ambaye angeugua hata baada ya kuchimba choo chake vizuri. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki, na kila upande uliujua. Anayeweza kushika jembe alishike, na anayeanguka pamoja na juhudi zake asiachwe.

Mgawanyo huo uliharibika fedha zilipokwisha. Miaka ya 1980 uchumi uliyumba, mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ukaingizwa hatua kwa hatua katika hospitali za umma. Pamoja na uchangiaji ukaja utaratibu wa misamaha kwa watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, na baadaye wazee wa miaka 60 na zaidi wasiokuwa na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee imekuwepo tangu mwaka 2003. Katika hospitali nyingi kuna bango linalosema mzee apewe kipaumbele, na dirisha lililotengwa kwa ajili yake.

Niruhusu nieleze namna msamaha huo unavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaoujadili hawajawahi kuutafuta. Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu, bibi aliyevuka miaka 70, mwenye shinikizo la damu na kisukari, kwenda hospitali ambayo sitaitaja. Kwanza tulikuwa tumepita kwa mwenyekiti wa kitongoji kupata barua, kisha kwa mtendaji wa kijiji agonge muhuri, naye siku ya kwanza alikuwa amekwenda kwenye kikao. Hospitalini afisa ustawi wa jamii alimhoji bibi kuhusu watoto wake, wako wangapi, wanafanya kazi gani, na kwa nini hawamhudumii, maswali ambayo bibi aliyajibu huku akitazama sakafu. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, na nakiri kwamba wahudumu walikuwa na adabu. Hakukaa sana kwenye foleni, daktari alimpima kwa makini, na hakudaiwa hata shilingi. Tulipofika dirisha la dawa, kati ya dawa tatu alizoandikiwa ilikuwepo moja. Mbili zilizobaki tukaelekezwa tukazinunue duka la dawa lililo ng'ambo ya geti, ambako zilikuwepo tele. Mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam akapigiwa simu, akatuma fedha na ya kutolea.

Siwalaumu watu wa pale dirishani, kwa kuwa tatizo liko kwenye hesabu. Hospitali ya umma hununua sehemu ya dawa zake kwa fedha zinazotokana na wagonjwa wanaolipa na wenye bima. Mgonjwa wa msamaha anatumia dawa lakini haingizi kitu, na gharama yake isiporudishwa na Serikali kwa utaratibu wa uhakika, kila mzee anayetibiwa bure anaifanya stoo ya hospitali ipungue. Mganga mkuu anakuwa amepewa amri ya kuwa na huruma bila kupewa bajeti ya huruma hiyo. Hapo ndipo tunapouona wajibu wa Serikali ukiteremshwa kimyakimya, kutoka wizarani hadi halmashauri, kutoka halmashauri hadi hospitali, na kutoka hospitali hadi kwa mjukuu anayeuza mitumba soko la Karume, Dar es Salaam.

Nikiwasikia wanaosema familia ndiyo ibebe watu wake, huwa najiuliza wanadhani nani anayebeba sasa. Ni nani kati yetu asiye na kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kila mwezi kuna mchango wa matibabu, na yasipofanikiwa kuna mchango wa msiba, na katibu wa kundi anabandika orodha ya waliotoa na waliotoa ahadi ili wengine wajisikie vibaya? Undugu huo umetubeba na nauheshimu. Hata hivyo una udhaifu wake, kwa kuwa unatosha kwa ugonjwa wa wiki mbili, lakini hautoshi kwa mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zimefeli. Mwezi wa kwanza watu wanachanga, wa pili wanapunguza, na kufikia wa tano kundi limekuwa kimya na mgonjwa anajiona msumbufu. Na kwa yule ambaye ukoo wake wote ni maskini, mchango wa maskini kumi bado ni umaskini. Hatari ya namna hiyo haiwezi kubebwa na ukoo mmoja. Inahitaji kugawanywa kwa nchi nzima, na chombo pekee kinachoweza kuchangisha nchi nzima ni Serikali.

Kuhusu huo msemo wa mgeni na jembe, nadhani mwenzangu aliyeutumia aliishia nusu. Mwalimu Nyerere aliutumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa, na ni kweli alisisitiza kwamba katika jamii zetu hakuna aliyeruhusiwa kula jasho la wenzake. Lakini katika maelezo hayohayo alisema kwamba hata mzee aliyeonekana ameketi bila kufanya kazi alikuwa ameifanyia jamii yake kazi kubwa katika ujana wake. Bibi niliyemsindikiza amelima mahindi na michungwa kwa miaka zaidi ya 50. Machungwa yake yamelipa ushuru wa mazao kila msimu, na kila alichonunua dukani kimelipiwa kodi, iwe ni sukari, sabuni au kitenge. Kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa, hana chochote katika mifuko ya pensheni ya waajiriwa, NSSF wala PSSSF. Huyo si mgeni wa siku ya tatu, na jembe alikwisha kulishika hadi mgongo ukapinda.

Hoja nyingine inayorudiwa mara kwa mara ni kwamba ukimpa mtu fedha anakuwa mvivu. Kwa bahati nzuri tuna ushahidi karibu yetu, kwa kuwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Anayeishi kijijini ameona mwenyewe jinsi ruzuku ile ndogo inavyotumika, kwamba mtoto ananunuliwa sare na madaftari, kuku wawili wanakuwa kumi na wawili, na taratibu bati linachukua nafasi ya makuti. Wapo waliokunywa pombe fedha zao, sikatai, kama walivyo watumishi wanaokunywa mishahara yao bila mtu kupendekeza mishahara ifutwe. Kasoro ninayoiona katika mpango ule ni nyingine. Walengwa hupatikana kwa kutajwa katika mkutano wa kijiji, na pale ndipo uhasama unapoanza, kwa sababu katika kijiji ambacho karibu wote ni maskini, kumchagua maskini kuliko wenzake ni kazi ya kubahatisha inayomtegemea sana anayeongoza mkutano. Tena sehemu kubwa ya fedha zake ni mikopo na misaada kutoka nje, kwa hiyo mlengwa hajui lini itakoma, na malipo yakichelewa hana wa kumuuliza zaidi ya mtendaji ambaye naye hajui.

Zanzibar walipata njia iliyo rahisi zaidi. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, kwa fedha za bajeti yake yenyewe, bila kuuliza kama alikuwa mwajiriwa au mvuvi, ana watoto Uingereza au hana mtoto kabisa. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Uzuri wa utaratibu huo haumo katika ukubwa wa fedha, maana hakuna anayetajirika kwa kiasi hicho. Umo katika kutokuwepo kwa mahojiano. Mzee haulizwi kwa nini mwanawe hamtunzi, wala hasimamishwi mkutanoni ili majirani waupime umaskini wake. Umri wake ndio unaohesabika, siku ya malipo inajulikana, na asipolipwa anajua kwamba amenyimwa kilicho chake. Wapo watakaosema ni ufujaji kumlipa mzee tajiri. Naona gharama ya kumlipa mzee tajiri mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kuwadhalilisha wazee mia moja maskini ili kumbaini.

Itaulizwa fedha zitatoka wapi, na ni swali la haki. Tuchukue kiwango kilekile cha shilingi 20,000 ambacho Zanzibar walianza nacho. Kwa kila wazee laki moja, ni shilingi bilioni 24 kwa mwaka. Hata tukikadiria kwamba wangelipwa wazee milioni mbili, tungetumia shilingi bilioni 480, kiasi ambacho hakifiki asilimia moja ya bajeti ya Taifa ya mwaka wa fedha 2024/25, iliyokuwa shilingi trilioni 49.35. Siyo fedha kidogo, na Waziri wa Fedha atakuwa na mahali pengine pa kuzipeleka, lakini anayesema kwamba haiwezekani na aonyeshe hesabu yake. Kwa upande wa matibabu, Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na sheria hiyo inazungumzia mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, wenye vyanzo kama ushuru wa vinywaji na michezo ya kubahatisha. Hilo ni jambo jema. Nina wasiwasi mmoja tu, kwamba tukirudia kosa la misamaha kwa kumpa mzee kadi ya bima bila kuhakikisha hospitali inalipwa kwa wakati, kadi hiyo itaishia kuwa na thamani ileile ya barua ya mtendaji. Wanachama wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, waliolipa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, wanajua vizuri ninachozungumzia.

Sasa nigusie mahali ambapo kwa maoni yangu Serikali haipaswi kufika. Haiwajibiki kumlipia mtu deni la harusi aliyoifanya kwa kushindana na majirani, wala kumrudishia kijana alichopoteza kwenye kubeti. Aliyekopa mkopo wa kausha damu, yaani wa riba ya kunyonya, ili anunue simu ya gharama hana haki ya kuitaka Hazina imkomboe. Hata hivyo sikubali Serikali ijitoe kabisa katika mambo hayo, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni na kukusanya kodi kwenye michezo ya kubahatisha, na ndiyo iliyotunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ili wakopeshaji wawe na leseni na riba yao iwe na kikomo. Mkopeshaji asiye na leseni anapochukua friji na magodoro ya mama ntilie mchana kweupe, huku mgambo wakitazama, hilo si tena suala la mtu kubeba mzigo wake. Deni ni la aliyekopa, lakini kuhakikisha kwamba hakopeshwi kihalifu ni kazi ya dola.

Elimu naitaja kwa kifupi tu, kwa sababu huko mgawanyo umejaribiwa na una funzo lake. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, Serikali ilitoa waraka uliobainisha kwamba sare, madaftari na chakula vinabaki kwa mzazi, na kwamba shule zitapelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Mtu anaweza kusema viwango hivyo ni vidogo, nami nakubaliana naye, lakini walau mzazi na mwalimu mkuu wanajua kila mmoja anawajibika kwa nini, na mzazi akiombwa mchango usio halali anajua pa kwenda. Kwa mzee na mgonjwa hatuna waraka wa namna hiyo.

Kwa hiyo naiomba wizara yenye dhamana ya wazee, kupitia gazeti lako, ijibu maswali machache. Pensheni ya wazee wote kwa Tanzania Bara, ambayo imezungumzwa kwa miaka mingi, imekwama wapi, na ni wizara ipi hasa inayopaswa kuulizwa? Gharama za wazee wanaotibiwa kwa msamaha hurudishwa hospitalini kwa utaratibu gani, na mwaka wa fedha uliopita zilirudishwa kiasi gani kwa kila halmashauri? Nawaomba pia wabunge, kwa kuwa suala la Katiba halijafungwa, walete hoja ya kuitoa ibara ya 11 kwenye kivuli cha ibara ya 7 ili iweze kudaiwa mahakamani, hata kama itakuwa kwa wazee na watu wenye ulemavu peke yao kwa kuanzia. Na kama halmashauri yoyote inayo orodha ya wazee wanaostahili msamaha iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na orodha ya dawa ambazo hospitali imeahidi kuwa nazo wakati wote, nitashukuru mhusika akiandika katika safu hii kueleza jinsi walivyofanikiwa, kwa sababu huku kwetu ubao wa kata una matangazo ya minada na ya tozo za soko tu.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi,
Muheza, Tanga